Veranda Iliyogeuzwa

Ukitaka Omariba akasirike, mwite mgeni. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, baba yake Mkisii aliyekuja kuchuma majani, na ujenzi aliusomea mabegani, kwa kubeba mawe, kabla hajaaminiwa mwiko. Mama Tecla wa Sosiot alipompa kazi ya kujenga nyumba za watalii katikati ya chai, ndipo watu walipoanza kumwita mkandarasi. Cheo hicho kilimbana kidogo, lakini alikipenda.

Siku moja, nguzo za veranda zikiwa zimeshasimama, Mama Tecla alifika na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando anayokaribishiwa mtu wa heshima. Alimmiminia kikombe kikajaa pomoni, akatazama huku na huku, kisha akasema veranda igeuzwe ielekee bondeni kwenye chai, maana mtalii hatatoka kwao kuja kutazama choo cha jirani. Omariba alicheka, akanywa, akabomoa.

Mkataba ulitaka kila badiliko liandikwe na kutiwa sahihi kabla ya kazi. Omariba aliyajua hayo vizuri. Lakini utamwambiaje mama wa watu atie sahihi, na maziwa yake bado yako mdomoni mwako? Ni kama kumwita mwongo. Basi alinyamaza, na kimya hicho nusura kimponze. Kazi ya kujenga upya ilikutana na mvua, siku za mkataba zikaisha, na injinia Kipkemoi, msimamizi wa mradi, akaitisha kikao kusikiliza madai ya kuongezewa muda. Omariba akinyimwa, angeondolewa, na mafundi wake wangerudi nyumbani.

"Maandishi ya hayo mabadiliko iko wapi?" Kipkemoi aliuliza.

"Hakuna, injinia."

"Sasa nani alisema ubomoe?"

 Kumtaja mama kwenye kikao, kana kwamba anamshtaki, Omariba hakuweza. Moyoni alishaanza kuiaga ile kazi.

"Ni mimi," Mama Tecla akasema kutoka upande wa pili wa meza.

Kipkemoi alimwinamia, akashusha sauti. "Mama, ukinyamaza, mkataba uko upande wako."

"Najua. Lakini nilimwambia nikimpatia mursik. Wewe ungekunywa halafu uniambie niandike?"

Kipkemoi alifikiri, kisha akacheka. "Hata mimi singeweza."

Muda ukaongezwa palepale. Wakakubaliana pia kwamba kuanzia hapo injinia mwenyewe atapita kila wiki kuandika yaliyobadilika, ili asiwepo wa kumwonea mwenzake haya.

Omariba alimshukuru Mama Tecla kwa kumshika mkono kwa mikono yote miwili. Mtu aliyekuwa na haki ya kunyamaza alikuwa amesema.

Nje, mafundi walikuwa wameketi, vyombo vyao tayari vimefungwa kwenye magunia. Nyagaka, mkubwa wao, alisimama.

"Wamesemaje?"

"Korogeni saruji," Omariba alisema, kisha akageukia upande wa chai apanguse macho.