Nusu Mkeka wa Mwatima

Naweka dau baskeli yangu, ile yenye dinamo inayowatoa roho vijana wa kijijini kwetu Ole: hapana atakayeniamini. Mkeka ulitaka kuvunja ndoa ya watu. Mkeka, jamani!

Dada yangu Mwatima na shoga yake Masika wanafanya mikeka pamoja tangu wasichana. Masika anasuka ukili, ule ukanda mrefu wa majani ya miyaa. Mwatima anaushona, ukanda kwa ukanda, mpaka unakuwa mkeka. Rangi wanazibuni wenyewe, zambarau kwa kijani, na watu walikuwa wakitoka mjini Chake kuja kuwabembeleza wawauzie. Safari hii mkeka ulikuwa wa kitanda cha arusi cha Moza, binti wa Mwatima.

Umefika nusu, siasa zikaingia. Mume wa Masika chama kile, sisi chama hiki. Hatusalimiani, hatuzikani, hata kisima tumegawana. Ukili ukakoma kuja.

Mimi mjuaji nikasema, "Dada, ukili ni ukili. N'takuletea mwengine."

"Wewe Ngwali? Hata kamba ya mbuzi hujui kusokota!"

Nikapanda baskeli mpaka kwa Bi Kazija, fundi hasa. Akasuka rangi zile zile, Mwatima akashona. Tukautandika. Upande wa Masika umelala, upande wa Kazija umejivuta, katikati umeinuka kama mgongo wa paka aliyeona mbwa. Nikaukalia niulaze. Nilipoinuka, na wenyewe ukainuka.

Mwatima hakucheka. Akapitisha kiganja juu yake. "Masika mkono wake mlegevu," akasema. "Mie nishauzoea huo."

Akaufumua ukili wa Kazija wote, akajitwika nusu iliyobaki, akaenda kwa Masika mchana kweupe, watu wanatazama. Mimi nyuma yake.

"Hodi, shoga."

Masika akaja mpaka kizingitini, akasimama hapo. "Ukili wako nishausuka zamani, Mwatima. Ule kule darini."

Tukauona, umeviringwa mkubwa kama gurudumu.

"Basi nipe, mwanangu anaolewa."

"Bwana kaapa. Ukitoka huo, na mimi natoka. Talaka tatu."

"Toka basi, Bi Masika," nikamwambia, "mie n'takuoa, baskeli ninayo."

Hata mmoja hakunitazama. Masika akashika pindo la mkeka, akalipapasa kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. Akaliachia. Akafunga mlango.

Moza kaolewa juu ya mkeka wa dukani, na wifi zake wakausema mpaka wakachoka. Ile nusu iko mvunguni mwa kitanda cha Mwatima. Mimi nduguye, tumbo moja, siku moja niliivuta niikalie, akanitoa na ufagio.

Siku ile njiani tukirudi kutoka kwa Masika nilimwambia uchaguzi ukipita watapatana. Umepita huo, ukapita na mwengine. Nilikosea.