Ndoo ya Ijumaa

Mlango wa chumba alimozalishia Mwanamkasi haukuwa na komeo. Ulikuwa nalo zamani, na matundu manne ya misumari yalibaki kwenye ubao kuonyesha mahali lilipokaa, lakini siku moja mwaka 1983 alilibandua mwenyewe kwa nyundo. Waliomuuliza sababu aliwaambia kwamba mwanamke mwenye uchungu ataka kuiona njia ya kutokea, hata kama hana safari.

Alikuwa mkunga wa Shika Adabu, kule Likoni. Watoto wa mitaa ile wengi walipita mikononi mwake, na wazee wenye migongo migumu walimjia awakande kwa mafuta ya nazi. Habari ya komeo ilianza na Mueni, msichana wa bara aliyeolewa na mtu wa bandarini, aliyeletwa kwa uzazi wake wa kwanza. Mwanamkasi alifanya kama afanyavyo siku zote: akafunga mlango, akaja kwa nyuma, akaweka mikono kiunoni amlegeze mgongo. Msichana aliruka mpaka pembeni akajikunyata huko, asitake kusogelewa na mtu. Wanawake waliomsindikiza walicheka, wakasema hawa wa bara waoga. Mwanamkasi hakucheka. Alifungua mlango, akaketi chini kando ya kizingiti, akangoja. Alingoja tangu asubuhi hadi baada ya adhuhuri, mpaka Mueni mwenyewe akanyoosha mkono. Msichana huyo alifanyiwa nini, na nani, nyuma ya mlango gani, Mwanamkasi hakuuliza wala hakuambiwa. Mtoto alizaliwa salama. Kuanzia hapo komeo likatoka, na mikono yake haikumgusa mtu tena kabla ulimi haujasema, "Ruhusa nikushike?"

Basi mwaka 1993, jambo hilo dogo likaja kuhitajika mahali ambapo hakulitarajia.

Ndugu yake Boga, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa na kijana mmoja, Mwidani, wa miaka ishirini na mitatu. Kwa miaka miwili kijana huyo alikuwa anavuta unga. Boga alifanya walivyofanya wazazi wote wa siku zile waliopatwa na msiba huo, kwa kuwa hapakuwa na mwenye kujua jingine. Alimfungia Mwidani katika stoo isiyo na dirisha mpaka arosto imtoke, yale maumivu na kutapika na kutetemeka kunakomshika mvutaji akinyimwa unga. Kisha, Ijumaa baada ya swala, alimpeleka kwa Maalim Nguma kuogeshwa kombe. Maalim huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi ya waridi, maji mengine mgonjwa akanywa, na mengine yakatiwa kwenye ndoo akamwagiwa kichwani.

Walikuwa wamefanya hivyo mara nne. Mara zote nne Mwidani aliistahimili arosto kiume. Na mara zote nne, Ijumaa hiyohiyo ya kuogeshwa, kabla ya alasiri kuadhiniwa, alikuwa ameruka ua na kurudi maskani, kwa wavutaji wenzake. Watu walisema shetani wa unga akizisikia aya hukimbia, na akikimbia humburuta na mwenyewe.

Boga alichoka. Alizikusanya nguo za mwanawe, akazitia kwenye gunia na kulifunga mdomo kwa kamba. Akaja kumwambia dada yake kwamba atajaribu mara ya tano, na Ijumaa hii ikishindikana, gunia litawekwa barabarani, na jina la Mwidani halitatajwa tena nyumbani kwake. Mwanamkasi alimjua ndugu yake. Boga alikuwa mtu wa winchi bandarini kwa miaka ishirini na sita, na alichokishusha hakukipandisha tena.

Akamwomba ampe kijana kwa siku hizo tano kabla ya Ijumaa.

"Kwako hakuna hata komeo," Boga akasema. "Dada, huyu si mzazi. Utakaa miguuni umwambie asukume?"

"Huenda nikamwambia. Wewe mlete."

Mwidani aliletwa Jumapili, jasho likimtiririka, akalazwa juu ya mkeka mlango ukiwa wazi. Usiku na mchana Mwanamkasi alimpikia uji wa mchele, akamfutia matapishi, akamwona miguu ikipiga teke yenyewe. Mwili wote ulimuuma, na kazi ya Mwanamkasi ni mwili. Akachukua chupa ya mafuta, akakaa mahali ambapo kijana angemwona, akamuuliza kama awaulizavyo wote. "Ruhusa nikushike?"

Mwidani alicheka, meno yakigongana. "Shangazi, mimi ni teja. Teja haulizwi."

"Mimi nauliza."

Aliitazama chupa ya mafuta. Kisha akasema, "Miguu, na mgongo. Kichwani usinishike."

Akamkanda miguu na mgongo. Kichwani hakumshika, na wala hakumuuliza kwa nini.

Jumanne kijana aliinuka akatoka nje, akaenda mpaka kwenye mwarobaini ulio karibu na njia. Mwanamkasi alikuwa anaosha mchele. Aliuosha mara ya tatu, na mara ya nne, mpaka maji yakawa meupe kama ya kunywa. Hakumwita. Mwidani akarudi, akalala.

Alhamisi arosto ilikuwa imelegea, na kijana alikuwa anakula wali kwenye baraza ya nyuma. Mwanamkasi akatupa ndoo kisimani kuteka maji. Ndoo ikagonga ukuta wa mawe ikishuka, mara moja, mara mbili, ikapiga maji. Alipogeuka, sahani ilikuwa chini, na Mwidani amejifunika kichwa kwa mikono yote miwili.

Mwanamkasi aliiachia kamba. Akaketi pale alipokuwa, mbali naye kidogo.

"Nimeacha," akamwambia. "Siteki tena leo."

Wakakaa hivyo. Kuku wakaja wakaumaliza wali. Ndipo Mwidani alipoanza kusema, bila kumtazama.

Habari ya kisima kilichomuua Randu, fundi wa kuchimba visima, kabla Mwidani hajaanza unga, ilijulikana na kila mtu Shika Adabu. Mwidani alikuwa msaidizi wake, walikuwa chini pamoja, na ukuta ulipoporomoka mmoja akafa na mmoja akatolewa hai. Watu walimzika Randu, wakamshukuru Mungu kwa ajili ya Mwidani, wakamwambia kijana asahau. Hakuna aliyemuuliza kulikuwaje huko chini. Sasa alieleza. Mchanga ulimfukia Randu mpaka kifuani na maji yakawa yanapanda. Juu watu walishusha ndoo wapunguze maji, na kila ilipovutwa iligonga ukuta, ikainama, ikawamwagia tope kichwani, wote wawili, gizani. Randu ndiye aliyemwambia ashike kamba.

"Nilikuwa nikimsikia akipumua," akasema. "Kila ndoo ikimwagika, nasikiliza kama bado. Halafu ikamwagika moja, nikasikiliza." Akaiokota sahani, akaipangusa mchanga. "Shangazi, Maalim akinimwagia, mimi siko kwake. Niko kule chini. Unga ndio unaonitoa."

Mwanamkasi alizipiga hesabu zile Ijumaa nne kichwani mwake, na stoo isiyo na dirisha. Na yeye alikuwepo mara mbili. Mara moja ndoo aliibeba yeye.

Jioni hiyohiyo alijifunga leso akaenda kwa Boga. Alimweleza yote. Boga alisikiliza huku akichokonoa kamba ya lile gunia, kisha akasema kila mtu duniani amefikwa na lake, na yeye mwenyewe alifiwa na mke, mbona hakuvuta unga?

"Mkeo alipokufa nilikaa nawe siku ngapi?" Mwanamkasi akamuuliza.

Boga akaizungusha kamba kidoleni. "Arobaini."

"Na huyu, nani alikaa naye?"

Boga akaiacha kamba. Wakaondoka wote wawili kwenda kwa Maalim Nguma.

Mwanamkasi aliogopa kwamba Maalim angeona anafundishwa kazi yake na mkunga. Mzee yule aliuliza maswali mawili tu, juu ya kisima na juu ya ndoo, kisha akavitazama vidole vyake vyenye rangi ya zafarani.

"Dawa ni maneno ya Mwenyezi Mungu," akasema. "Ndoo, mwalimu wangu alikuwa nayo, na mimi nikawa nayo. Sikumbuki kama nilimuuliza ya nini."

Ijumaa hiyo Maalim alikuja mwenyewe nyumbani kwa Mwanamkasi. Alikaa barazani, kweupe, akamwonyesha Mwidani sahani na maandishi yake, akamwambia atakachofanya kabla hajakifanya. Kijana alikunywa kombe kwa mkono wake. Maji yaliyobaki yakatiwa kwenye bakuli, akachovya vidole, akajipaka miguuni, mikononi na usoni. Mkono ulipofika kwenye paji la uso ukasimama. Maalim akasema inatosha.

Kisha wakangoja alasiri. Boga alikaa na gunia kando ya miguu yake. Adhana ilipoanza, Mwidani alisimama akaelekea njiani. Boga akainuka nusu. Mwanamkasi akamshika mkono, na safari hii hakuomba ruhusa. Kijana alifika kwenye mwarobaini, akasimama, akatazama upande wa maskani kwa muda mrefu kuliko adhana yenyewe. Aliporudi, alilitazama gunia.

"Baba, hizi si nguo zangu?"

"Ni zako," Boga akasema. Akainama kufungua kamba, na fundo lile alilolikaza mwenyewe likamsumbua, mpaka Mwidani akachuchumaa akamsaidia.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikwisha hapo. Mwaka uliofuata Mwidani, aliyebaki kukaa kwa shangazi yake, aliteleza akapotelea maskani siku tisa, na siku ya kumi alirudi mwenyewe, akaukuta mlango kama alivyouacha. Wazazi wengine wakaanza kuleta watoto wao. Mwanamkasi alinung'unika kwamba yeye ni mkunga, si daktari wa mateja, na kila mara akitoka kunung'unika hutandika mkeka. Wengine walipona, wawili aliwazika. Alichowauliza wote hakikubadilika.

Mwidani akawa fundi wa kujenga kuta, kazi ya juu ya ardhi. Kuteka maji hakuweza. Mwanamkasi alimtekea, akamwachia bafuni beseni na kata ya kuchotea, asianze na kichwa kama hataki. Miaka ikapita akimsikia anavyokoga: miguu, kiuno, mabega, basi.

Asubuhi moja mwaka 1997 alikuwa anachambua mchele karibu na bafu la makuti. Akasikia kata ikimwaga maji miguuni, kisha kiunoni, kisha mabegani. Pakawa kimya, kimya kirefu hata vidole vyake vikasimama ndani ya ungo. Halafu maji yakaanguka kutoka juu zaidi.

Alingoja. Kata ikachota tena. Mwanamkasi akaitoa punje ya chuya aliyokuwa ameishika muda wote huo, akaendelea na mchele wake.