Makala ya Bwawa

Fundi cherehani jirani yake Dahiba, hapo Komu Ombo walikohamishiwa, alikuwa na ulevi mmoja tu: makala za uhandisi. Alizisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, sindano pembeni mwa mdomo, na kila daraja jipya alilisifu: “Wallahi, hawa wana akili!” Alasiri moja akaifikia makala ya Bwawa Kuu. Alitikisa kichwa kwa kuridhika na mawe, mitambo, mahandaki, hata alipofika penye maneno, “maji yakajaza bonde tupu.” Sindano ikamdondoka.

“Tupu?” akafoka. “Mimi nilizaliwa kwenye utupu, Dahiba? Kaburi la mama liko chini ya maji yale, samaki wanampita kifuani, na huyu mwandishi anasema tupu!”

“Achana nayo, shoga yangu. Karatasi tu hiyo.”

“Karatasi? Mbona ukuta kaupima mpaka unene, sisi watu asituone?”

Dahiba akanyoosha mkono alichukue gazeti, akachapwa vidole. Fundi akaendelea kusoma, asiruke hata neno, mpaka mwisho. Kisha akalibwaga sakafuni.

“Na bwawa lenyewe ni kazi nzuri,” akasema, macho yamemwiva. “Hilo ndilo linaloniua.”