Aliyekuwa Anafunga Sauti za Kinanda cha Binti Yangu

Wazazi wenzangu, msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho.

Kinanda sebuleni kwangu kilikuwa kinajifunga sauti chenyewe.

Kinanda kikubwa cha kanisani kilikuwa kimekufa, panya wamekula matumbo yote. Binti yangu, ndiye mpigaji, akaomba vishikio vyake vya mbao. Ukivuta kimoja inatoka sauti ya filimbi, kingine tarumbeta. Ukikirudisha ndani, sauti inakatika.

Akavipanga ishirini na nne kwenye ubao, juu ya kinanda kidogo cha umeme, kila kimoja na waya wake mpaka kwenye kompyuta. Sauti zikawa zinatoka humo. Tena viliwekewa sumaku, kompyuta ikiamuru vinaingia vyenyewe.

Haya nimeyajua baadaye. Siku zile mimi niliona mbao na nyaya tu.

Miaka miwili mtoto hapumziki. Jumamosi mwalimu wa kwaya aje asikilize. Kikimridhisha, kinaenda kanisani. Kisipomridhisha, ubao ukawe kuni.

Jumatatu asubuhi nasikia ukelele.

"Mama! Kompyuta imenivuruga! Jana nilipanga sauti za wimbo mzima, leo zimefungwa zote!"

"Nilikwambia vitu vya umeme havina adabu."

Jumanne, hivyo hivyo. Akafumua nyaya.

Jumatano, hivyo hivyo. Akafuta programu, akaanza upya. Chakula hagusi. Macho mekundu utadhani kakata gunia la vitunguu.

Alhamisi, hivyo hivyo. Nikamwita dada yangu, mtu wa maombi.

Akakitazama, akarudi nyuma hatua tatu. "Hiki kimepigwa kwenye mazishi mangapi? Kuna marehemu kakifuata."

Tukakemea mpaka koo zikakauka.

Ijumaa, hivyo hivyo!

"Mama mkubwa, mwacheni marehemu apumzike," binti akasema. Usiku akategesha simu juu ya kabati, irekodi.

Jumamosi mwalimu wa kwaya akaketi. Binti akabonyeza. Kimya.

"Samahani, mwalimu. Kwanza tumwone mchawi."

Tukaizunguka simu. Sebule tupu. Mlango unafunguka. Anaingia mtu, kitambaa kichwani, ufagio mkononi.

"Mungu wangu!" dada akanishika mkono. "Mbona anafanana na wewe?"

"Ni mama," binti akasema.

Ni mimi. Nafagia, nafuta vumbi, nafika kwenye vishikio, nasukuma kimoja kimoja ndani huku nanung'unika: "Watu wa nyumba hii kila kitu wanaacha wazi. Siku moja tutaungua."

Jamani, mimi nilidhani ni kama jiko la gesi!

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Binti hakucheka. Nyaya zote alizofumua zilikuwa nzima tangu mwanzo.

Akavuta vishikio, akapiga. Madirisha yakatetemeka. Mimi nikalia.

"Nakichukua," mwalimu akasema. "Ila kanisani huyu mama asipangiwe zamu ya usafi."

Wazazi wenye wasiwasi kama mimi, mnanisikia? Nilikemea marehemu wa watu, na siku tano nzima mwanangu sikumuuliza hata mara moja: "Hiki ni nini, na nikiacheje?" Ulizeni kabla hamjagusa. Mtoto hawezi kujikinga na mama anayemsaidia.