Jembe la Kesi ya Kuigiza

Karani mzee wa korti alikuwa akija shuleni kwa akina Bonareri pale Keumbu kila Ijumaa, miaka ya sabini hiyo, kuwafundisha wanafunzi kuendesha kesi ya kuigiza. Hakuwahi kupokea kielelezo cha ushahidi kwa mkono mmoja. Hata rungu la kuazima alilipokea kwa viganja viwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga, akalifunga kijikaratasi kwa kamba ya mgomba, kisha akauliza kwa ile sauti yake ya usingizi, "Shahidi, unakitambuaje?" Kikishapokelewa hakikutoka mpaka hukumu, hata mwalimu mkuu angeomba, angeambulia tabasamu tu.

Siku hiyo Bonareri, kiongozi wa mashtaka, alikuwa na jembe moja tu la kumtia mshtakiwa wao, Obadiah, hatiani; alikuwa ameliazima kwa jirani yake mjane, na karani alikuwa ameshalipokea na kulifunga kijikaratasi. Ukungu ulikuwa umejaa madirishani. Mara yule jirani akasimama mlangoni, akamwita karani kama anayemwita baba. "Tata, mvua imekuja. Mbegu ya wimbi nitapanda na vidole?" Darasa likaangua kicheko. Karani hakucheka. "Unalitambuaje, mama?" Mama akajibu bila kulitazama, "Mpini umebonyea pale marehemu alikuwa anashika." Karani akatembeza kidole gumba juu ya mpini, polepole, mpaka kikazama.

"Mzee, na kesi yangu?" Bonareri akanong'ona.

"Nimeshinda!" Obadiah akapiga kelele kizimbani.

Karani alikuwa tayari anafungua kamba. Akamkabidhi mama jembe kwa viganja viwili, na mama alipokwisha kuteremka shambani, viganja vile vilikuwa bado wazi.