Asubuhi Kasa Walipoingia Baharini

Wiki iliyopita nilikuwa soko la Kitale, upande wa kina mama wanaouza omena, na harufu ile ya samaki waliokaushwa ikanisimamisha. Mama mmoja akaniuliza, "Nikupimie?" Lakini mimi nilikuwa nimerudi pwani, mtoto wa miaka kumi, na kifua kinaniwaka wivu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Baba alilima mahindi huku kwetu njia ya Kachibora, na kila msimu alituahidi, "Mahindi yakikubali, nitawapeleka muone bahari." Mwaka huo yakakubali. Nilipukuchua hadi vidole vikachubuka na sikulalamika, kwa sababu safari ile ilikuwa yangu. Nilikuwa mtoto wa pekee, na baba alikuwa wangu peke yangu.

Kumbe tungepitia Bungoma. Mama mdogo, yaani dada mdogo wa mama, alikuwa amefiwa na mumewe, na baba alitaka binti yao aje nasi. Tulikuwa rika moja. Nikanuna kutoka Bungoma hadi pwani.

Kambi ya familia tuliyofikia ilikuwa ya mabanda ya makuti kando ya mikoko. Asubuhi, watoto wa familia zote tulifundishwa habari za wanyama, miguu yetu imezama kwenye tope la uvuguvugu. Mchana ukanukia wali wa nazi, ambao nyanya yangu, aliyesafiri nasi pamoja na mama, aliuonja mara moja tu, akarudia mahindi ya kuchemsha aliyobeba kutoka nyumbani.

Siku ya kwanza mwalimu wa kambi aliinua kaa, kucha zikicheza hewani, akauliza nani atamshika. Mimi nilirudi nyuma. Binamu yangu akanyoosha mkono. "Mimi, mwalimu. Kwetu tunashika kwa mto." Akamshika kwa mgongo, taratibu, kama mtu anayeokota yai. Baba, aliyekuwa amesimama na wazazi wengine, akacheka kwa sauti ambayo hakuwahi kunichekea mimi.

Tangu hapo yote yakawa yake. Alisema "bahali" badala ya bahari, na hata hilo baba alilipenda. Alifika akimwita "baba mkubwa". Siku ya tatu nikamsikia akimwita "Baba" tu, na baba akaitika. Usiniulize chakula cha jioni hiyo kilikuwa nini. Nyanya aliniona nikichezea sahani, akaninong'oneza, "Wivu ni kama moshi, mjukuu wangu. Anayelia ni yule aliyekaa karibu na moto wake."

Asubuhi ya mwisho mwalimu alitupeleka ufukweni, mahali mayai ya kasa yalikuwa yamefukiwa. Sisi watoto wa bara tulisema ni kobe. Yeye akatufundisha kuwa kobe ni wa nchi kavu na kasa ni wa baharini. Watoto wa kasa walikuwa wakichomoza mchangani, wadogo kuliko kiganja changu. Kila familia ingechagua mtoto mmoja wa kusimama karibu na maji, kuwafukuza kaa na ndege wasiwale njiani.

"Aende mgeni," baba akasema.

"Na mimi, baba?"

"Wewe niko na wewe kila siku."

Alisema kwa upole, nami nikasikia kama kofi. Binamu akaenda, baba nyuma yake, mkono wake begani pake. Mimi nilisimama na mama na nyanya, na mkono ule ndio niliotazama. Watu walishangilia, mawimbi yakaja yakarudi. Niliposhusha macho, mchanga ulikuwa mtupu.

Miaka imekwenda. Nyanya alitangulia, shamba limegawanywa, na nasikia kambi ile nayo haipo tena. Baba tulimzika mwaka jana. Baada ya wageni kuondoka, nilikaa na binamu yangu jikoni tukiosha sufuria, nami nikamwuliza kasa wale waliendaje.

"Si ulikuwepo?" akasema.

"Sikuona."

Akaweka sufuria chini. "Walienda haraka. Lakini mmoja alipotea njia, akarudi kwa nyasi. Baba akapiga magoti na suruali yake ya kanisa, akamgeuza. Akamwambia, 'Enda, enda, usiogope.' Machozi yanamtoka, anajifanya ni upepo wa bahali. Mimi nikalia pia. Ndiyo mara ya kwanza nililia tangu baba yangu afe."

Nilishika kitambaa mkononi bila kufuta kitu. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata siku moja. Nilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na machozi yale yamebaki kwa binamu yangu peke yake. Nikamwonea wivu upya, na safari hii baba wa kumlalamikia hakuwepo.

"Nisimulie tena," nikamwambia. "Anza pale walipochomoza."