Kwa Gari ya Gia Mpaka Bandari Nzuri

Ile barabara niliiona kwanza nikiwa mjini Saint Paul, huku Minnesota, kwenye darasa la jioni, nimetoka kazini na miguu imevimba. Mwalimu alikuwa akituonyesha picha ukutani: kisiwa cha Krete, milima inashuka mpaka baharini, barabara nyembamba inajipinda juu ya maji. Akataja mahali panaitwa Bandari Nzuri. Nikakaa wima. Si hapo ndipo, kwenye Biblia, meli iliyombeba Mtume akiwa mfungwa ilitia nanga kabla ya ile dhoruba? Miaka yote nikifundisha watoto kanisani habari hiyo, nilidhani ni mahali palipopotea zamani. Kumbe watu wanaenda na gari.

Nikafika nyumbani nikamwambia mume wangu, "Baba watoto, tutaenda." Akacheka. Lakini tulifanya shifti za ziada, yeye na mimi, mpaka tikiti zikapatikana.

Halafu, safari ikiwa imekaribia, akateleza kwenye barafu mbele ya nyumba yetu hapo Brooklyn Center, akavunjika mguu wa kushoto. Yaani mguu wa klachi. Na magari ya kukodisha kule kisiwani, tuliambiwa, ni ya gia za mkono tu. Mimi hapa Minnesota nilishazoea otomatiki.

"Tutapanda basi la watalii," akasema.

"Basi la watalii haliteremki Bandari Nzuri. Nitaendesha mimi."

"Wewe? Gia si uliziacha Kisii?"

"Nitaziokota."

Dada mmoja wa kanisani, anayekaa Hopkins, alikuwa na gari kuukuu ya gia. Jumamosi alikuwa akiileta kwenye pakingi ya kanisa nifanye mazoezi. Sasa, mimi nilijifunza Kenya, ambako dereva anakaa kulia na gia iko mkono wa kushoto. Huku dereva anakaa kushoto. Kila nikikanyaga klachi, mkono wa kushoto unakimbia kutafuta gia, unakuta mlango, unashika ile hendo ya dirisha na kuizungusha. Dirisha linafunguka, baridi inaingia, gari inazima.

"Dada, unataka kuniua na nimonia? Ingiza gia ya pili!"

"Nimeingiza!"

"Umeingiza upepo!"

Alicheka mpaka akalia. Mimi nikawasha tena. Niliuamrisha ule mkono ukae kwenye usukani, nikarudia, nikarudia, mpaka dirisha likatulia lenyewe.

Krete, kabla hatujaondoka pale kwa mwenye magari, tuliweka mikono juu ya boneti tukaombea safari, kama tunavyofanya siku zote. Yule bwana alidhani tumeona mkwaruzo. Akaja mbio na kitambaa akaanza kupangusa pale mikono yetu ilipokuwa.

Mpaka milimani niliendesha vizuri. Mizeituni pande zote, kisha mizeituni ikaisha, yakabaki mawe na mbuzi, na chini kabisa bahari, buluu mpaka inaumiza macho. Barabara ikawa ya vumbi, bila ukingo. Tukiwa tunateremka kona kali, pikapu ikatokea chini ikipanda, imejaa kondoo. Kupishana hakuna. Mzee aliyekuwa akiendesha akazima injini, akakunja mikono, akatutazama.

"Tuache, mama watoto," mume wangu akasema taratibu. "Tukipata pa kugeuza, turudi tu. Mungu ameona tumejaribu."

"Mungu ameona hatujafika."

Nikavuta breki ya mkono, nikaingiza gia ya kurudi nyuma. Kilima kilikuwa nyuma yetu, korongo upande wa mume wangu. Nikamsikia anaanza kuomba. Nikageuka: amefumba macho.

"Fumbua! Maombi nitafanya mimi. Wewe niangalizie mawe."

Akafumbua. "Njoo... njoo... kata kushoto. Kushoto kwako! Simama!"

Nikasikia klachi inashika, nikaachia breki, gari ikapanda kinyumenyume polepole hadi mahali palipopanuka kidogo. Pikapu ikapita, kondoo wakitutazama. Yule mzee akanipungia mkono kwa dirisha na kusema maneno ambayo hatukuyaelewa. Hayakuwa matusi, hilo nina uhakika.

Bandari Nzuri haina mambo mengi. Kanisa dogo jeupe, matangi ya mafuta kwenye kisiwa kidogo mbele yake, ufuo wa kokoto. Sikuvunjika moyo hata kidogo. Nilivua viatu nikaingia majini mpaka magotini, nikaimba. Mume wangu alikaa juu ya jiwe, magongo kando yake, akaniangalia kwa muda mrefu.

"Ile barabara ingine ya kwenye ramani," akasema nilipotoka majini, "inayozunguka upande wa magharibi. Inapita juu ya bahari kama hii?"

"Mwenye hoteli tunakolala anasema ni nyembamba zaidi."

"Kesho, basi."

"Kesho ni Jumapili."

"Si tutatafuta kanisa njiani," akasema, akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka.